Mgeni abebaye kazi mkobani angali hana jina mpakani

SWALI ambalo afisa wa uhamiaji humwuliza kila msafiri katika vituo vya Malaba, Lwakhakha na Suam ni fupi na la kale: Unakuja kufanya nini? Kwa miaka mingi majibu yake yalikuwa mepesi. Mmoja alikuja kuwazuru jamaa, mwingine kufanya biashara, wa tatu kuukwea Mlima Elgon, na wa nne kushika kazi aliyoandikiwa barua na mwajiri wa Kenya. Kila mmoja alikuwa na kibali chake na ada yake.

Siku hizi amejitokeza msafiri wa tano ambaye jibu lake la kweli halimo miongoni mwa hayo. Huja Kitale au Bungoma mara tatu au nne kwa mwaka, hukaa wiki kadhaa kila mara, huishi kwa ndugu au kwa wakwe, na asubuhi hufungua kipakatalishi chake akamfanyia kazi mwajiri aliye London, Toronto, Dubai au Kampala. Mshahara wake hulipwa huko huko, na kazi anayoifanya haikuwa imetengewa Mkenya yeyote. Hata hivyo, akisema ukweli wote dirishani, huenda akaambiwa kwamba idhini ya mgeni aliyopewa haimruhusu kufanya kazi. Akisema nusu ya ukweli, amekwisha kuanza ziara yake kwa udanganyifu.

Ni rahisi kuwalaumu maafisa wa mpakani kwa masumbufu ya wasafiri wa aina hii. Lakini kiini cha tatizo hakiko dirishani. Kiko katika sheria iliyotungwa wakati kazi ilikuwa na mahali pake, na mtu alilazimika kuifuata ilipo. Sasa kazi ndiyo inayomfuata mtu, na sheria haijaamua imwite nani.

Vikapu viwili

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 pamoja na kanuni zake huwagawa wageni katika vikapu viwili vikubwa. Kimoja ni cha wanaozuru, ambao hupewa pasi ya mgeni na kukatazwa kuajiriwa au kuendesha biashara. Cha pili ni cha wanaofanya kazi au kukaa kwa muda mrefu, ambao hutakiwa kuwa na kibali cha daraja linalowafaa. Daraja D ni la walioajiriwa nchini, Daraja G ni la wafanyabiashara, Daraja I ni la wahudumu wa dini na mashirika ya hisani, na Daraja K ni la watu wenye umri wa miaka 35 na zaidi ambao wana kipato cha uhakika kutoka nje na ambao huahidi kutoshika ajira yoyote nchini.

Anayepatikana akifanya kazi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au kupewa adhabu zote mbili. Adhabu hiyo ilikusudiwa kumlinda mfanyakazi wa Kenya dhidi ya mwajiri anayeingiza wageni kwa mlango wa nyuma. Haikutungwa kwa kumfikiria mhasibu anayejibu barua pepe za afisi yake ya Uingereza akiwa sebuleni kwa mama mkwe wake mjini Kitale.

Kwa anayezuru mara moja kwa miaka mitano, swali hili halina uzito mkubwa. Hakuna anayemchunguza mtalii aliyefungua barua pepe za kikazi akiwa hotelini. Anayeumia ni yule anayekuja mara kwa mara, kwa sababu mihuri iliyomo katika pasipoti yake huanza kutoa ushahidi. Afisa anapozifungua kurasa na kukuta Malaba Januari, Malaba Aprili na Malaba Agosti, ana kila sababu ya kuuliza ni mtalii gani huyu asiyechoka kuitazama Bungoma. Ndipo swali la pili hufuata: Unaishi kwa fedha gani unapokuwa hapa?

Mlango wazi, swali lile lile

Haitakuwa haki kudai kwamba serikali imelala. Desemba 12, 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba wageni hawangehitaji tena viza kuingia Kenya. Kuanzia Januari 2024, viza ilibadilishwa kwa kibali cha kielektroniki cha kusafiri kilichotozwa dola 30 za Marekani, na ambacho msafiri alitakiwa kukiomba kwenye mtandao kabla ya kuondoka kwao. Mwaka wa 2025 raia wa takriban nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, waliondolewa sharti hilo. Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamesamehewa tangu mwanzo.

Mabadiliko hayo yalipunguza gharama na foleni. Hayakuligusa swali lenyewe. Fomu ya kibali cha kielektroniki bado humtaka mwombaji ataje madhumuni ya safari, naye mgeni anayefanya kazi kwa njia ya mtandao bado hulazimika kuchagua kati ya matembezi, biashara na kuwaona jamaa, ilhali safari yake ina kidogo cha kila moja.

Oktoba 2024 serikali ilipiga hatua nyingine kwa kutangaza kibali cha wahamaji wa kidijitali, ambacho kilipewa Daraja N. Kibali hicho kinawalenga watu wanaofanya kazi za waajiri au wateja walio nje ya Kenya na wanaoweza kuthibitisha kwamba wana kipato cha kutosha kutoka huko. Kwa mara ya kwanza, sheria ya Kenya ilikiri kwamba mtu anaweza kuwa nchini, akafanya kazi kutwa, na bado asiwe ameajiriwa nchini.

Tatizo ni kwamba Daraja N lilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Linamfaa mtaalamu anayetaka kuhamia Nairobi, Diani au Watamu kwa mwaka mzima, mwenye mshahara mnono na subira ya kukusanya nyaraka. Halimfai mwalimu wa mtandaoni anayekuja Bungoma kwa wiki tatu kumwuguza mzazi wake, akarudi kwake, kisha akaja tena baada ya miezi miwili. Kumtaka mtu huyo aombe kibali cha ukaaji ni sawa na kumtaka anayekodi baiskeli kwa siku moja ainunue.

Mpaka uliowapita watu

Suala hili ni zito zaidi magharibi mwa Kenya kuliko katika viwanja vya ndege kwa sababu ya historia ya eneo lenyewe. Hadi mwaka wa 1902, sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, Bungoma ikiwemo, ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mpaka uliposogezwa, watu hawakusogea nao. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaba wa Mbale ni ndugu wa lugha na mila, kama walivyo Wasabaot wa Mlima Elgon na Wasebei wa Kapchorwa. Msimu wa tohara, ambao kwa Wabukusu hufika Agosti ya kila mwaka wa nambari shufwa, huwakusanya jamaa kutoka pande zote mbili, na sasa kutoka Ulaya na Marekani pia.

Eneo hili pia lina uzoefu wa kujua kinachotokea sheria inapopishana na maisha. Baada ya baridi kali kuiharibu mikahawa ya Brazil Julai 1975 na bei ya kahawa kupanda duniani, Chepkube, soko dogo lililo karibu na mpaka huko Bungoma, liligeuka kuwa mlango wa magendo ya kahawa kutoka Uganda iliyokuwa chini ya Idi Amin. Wenye magunia walizifuata njia za panya kwa sababu faida ilikuwa kubwa na njia halali ilikuwa imefungwa. Kazi ya mtandaoni haina gunia. Hupita ndani ya mkoba, haipimwi kwenye mizani ya forodha, na hakuna mbwa wa kuinusa. Kuikataza bila kuitambua ni kuwafundisha watu wema tabia za wafanyamagendo.

Kwa miundombinu, milango ya eneo hili imepanuliwa. Malaba na Busia zina vituo vya pamoja ambamo maafisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri hugongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia katika jengo moja. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Upande wa Kitale, mradi wa barabara ya kutoka Eldoret kupitia Suam hadi Kapchorwa, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulijumuisha kituo cha aina hiyo. Lami na majengo, basi, si kikwazo tena. Kilichobaki nyuma ni kanuni.

Pengo katika itifaki ya Jumuiya

Huenda msomaji akadhani kwamba raia wa Afrika Mashariki hawahusiki na mgogoro huu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, inawahakikishia uhuru wa kusafiri. Raia wa nchi mwanachama hupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita bila malipo. Tangu Januari 2014, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa vitambulisho vya kitaifa.

Lakini itifaki hiyo nayo ilizaliwa na vikapu viwili. Anayezuru ana kanuni zake. Mfanyakazi ana zake. Mfanyakazi, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni mtu aliyepata ajira katika nchi mwanachama nyingine. Akipata mkataba wa zaidi ya siku 90, hutakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga mkataba huo. Ukiwa wa siku 90 au chini, huomba pasi maalumu.

Tuseme basi kwamba Mganda aliyeajiriwa na kampuni ya Kampala anakaa miezi miwili kwa mkewe mjini Bungoma huku akiendelea na kazi yake kwa mtandao. Hakupata ajira nchini Kenya, kwa hiyo kanuni za wafanyakazi hazimhusu. Anafanya kazi, kwa hiyo hawezi kusema kwa moyo mweupe kwamba amekuja kuzuru tu. Hakuna mahali alipokatazwa waziwazi na hakuna mahali aliporuhusiwa. Hatima yake huachwa kwa busara ya afisa aliye zamu siku hiyo, na busara ya Malaba si lazima ifanane na ya Lwakhakha. Panapokosekana kanuni iliyoandikwa, ndipo pia kishawishi cha hongo hupata kiti cha kukalia.

Hofu za serikali

Serikali ina hofu tatu zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni ajira. Katika nchi ambamo vijana wengi wenye shahada hawana kazi, neno mgeni likiandamana na neno kazi huamsha hisia. Hofu hiyo si ya Kenya pekee. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku raia wa kigeni kuendesha biashara ndogondogo za aina 15, hatua iliyozua malalamiko nchini Kenya. Lakini anayelipwa na Toronto akiwa Kitale hachukui nafasi ya mtu Kitale. Analeta mshahara wa kigeni na kuutumia sokoni, kwenye bodaboda na katika duka la vifurushi vya intaneti. Isitoshe, Kenya yenyewe, kupitia mpango wa Ajira Digital ulioanza mwaka wa 2016, imewahimiza vijana wake watafute kazi za mtandaoni kwa wateja wa ng'ambo. Kijana wa Webuye anayemfanyia kazi mteja wa Chicago hahesabiwi kuwa amehamia Marekani. Haiwezekani mantiki hiyo iwe sahihi kwa upande mmoja wa mpaka na kosa kwa upande wa pili.

Hofu ya pili ni usalama. Mtu anayeingia na kutoka mara nyingi bila sababu inayoeleweka lazima achunguzwe. Hata hivyo, uchunguzi hufaulu zaidi pale msafiri anapokuwa na faida ya kusema kweli kuliko pale ukweli unapomponza.

Hofu ya tatu ni kodi, na hapa ndipo ukinzani wa sheria hudhihirika zaidi. Sheria ya Kodi ya Mapato humhesabu asiye na makao ya kudumu nchini kuwa mkaaji ikiwa amekuwepo kwa siku 183 au zaidi katika mwaka husika, au ikiwa katika mwaka huo na katika miwili iliyotangulia amekuwepo kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Anayekuja mara nne kwa mwaka na kukaa wiki tano kila mara hufikisha siku 140. Kufikia mwaka wa tatu atakuwa mkaaji machoni pa sheria ya kodi, na mshahara wake, hata ukitoka nje, unaweza kutozwa. Mwenye makao ya kudumu nchini huwa mkaaji katika mwaka wowote aliokuwepo, hata kwa muda mfupi.

Maana yake ni kwamba mkono mmoja wa serikali unamjua mgeni huyu vizuri, unazihesabu siku zake na kuikumbuka miaka yake mitatu, ilhali mkono wa pili unadai hana jina. Wa kwanza unaweza kuidai kodi ya kazi ambayo wa pili haujakubali kwamba inaruhusiwa kufanywa.

Mfano wa wengine

Mataifa mengi yaliyolishughulikia jambo hili yamelenga wanaokuja kukaa. Estonia na Mauritius zilianzisha viza za wafanyakazi wa mtandaoni mwaka wa 2020, na Namibia ikafuata mwaka wa 2022. Mfano unaomfaa zaidi mgeni wa mara kwa mara unatoka Uingereza. Kuanzia Januari 31, 2024, kanuni za nchi hiyo zilieleza bayana kwamba mgeni anaweza kuendelea na kazi yake ya nyumbani kwa njia ya mtandao akiwa ziarani, mradi kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Uingereza haikufungua milango kwa hatua hiyo, na masharti yake kwa wageni kutoka Afrika yangali makali. Iliandika tu jambo ambalo kila mtu alijua linafanyika. Matokeo yake ni kwamba msafiri anajua aseme nini na afisa anajua aulize nini.

Kenya inaweza kufanya vivyo hivyo bila kusubiri sheria mpya ya bunge, kwa kurekebisha kanuni za pasi ya mgeni. Sentensi moja ingetosha: kwamba mwenye pasi hiyo anaweza kuendelea na kazi ya mwajiri au mteja aliye nje ya Kenya, mradi asimhudumie mteja wa Kenya wala kulipwa na Mkenya. Kipimo kiwe mteja yuko wapi na fedha zinatoka wapi, si mahali kipakatalishi kilipowekwa. Wapo watakaojaribu kuitumia vibaya nafasi hiyo, wakidai wameajiriwa ng'ambo huku wakichuuza bidhaa mjini. Barua ya mwajiri na taarifa ya benki huweza kuwatenga wakweli na waongo.

Pili, wanaokuja mara nyingi wapewe kibali chao cha mwaka mmoja au miwili, kinachohesabu jumla ya siku badala ya kuitazama kila ziara kana kwamba ndiyo ya kwanza. Kikomo cha siku 122 kwa mwaka kingeziwezesha sheria za uhamiaji na za kodi kuzungumza lugha moja. Tatu, nchi wanachama wa Jumuiya zikubaliane kwamba raia wao anayeendelea na ajira ya kwao ndani ya miezi sita aliyoruhusiwa kukaa hahesabiwi kuwa ametafuta ajira mpya.

Kuna kundi moja lisilohitaji kusubiri lolote kati ya hayo. Ni wazaliwa wa Bungoma, Trans Nzoia na kwingineko waliochukua uraia wa nchi nyingine kabla ya mwaka wa 2010, wakaupoteza wa Kenya, na ambao hadi leo hugongewa muhuri wa mgeni wanapokwenda kuwazika wazazi wao. Katiba ya mwaka wa 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Kifungu cha 14 kinampa aliyezaliwa akiwa raia haki ya kuurejesha uraia wake kwa kutuma ombi. Akiurejesha, haulizwi tena amekuja kufanya nini, kwa kuwa Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia na kukaa nchini. Afisi za balozi zina wajibu wa kulitangaza jambo hili kwa bidii zaidi kuliko zinavyofanya.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Miji kama Kitale na Bungoma, ambayo haina ufuo wa bahari wala simba wa kuwavutia watalii, imebarikiwa na wageni wasiohitaji matangazo, kwa kuwa wanavutwa na damu, ndoa na ardhi. Wanarudi kila mwaka na mishahara yao mkobani. Kuwaacha wasimame dirishani wakipima ni kiasi gani cha ukweli kinachoweza kusemwa bila kuwaponza si ulinzi wa mpaka. Serikali iliyokwisha kuziona siku zao katika daftari la kodi haina sababu ya kushindwa kuziona katika pasipoti.